Sura ya 6: Paka, Panya na Maikrofoni ya Kampala

Kampala ina namna yake ya kutazama filamu. Katika vibanda vya video vya Katwe, Bwaise, Kalerwe na Kisenyi, filamu ya kigeni haiachwi iseme peke yake. Yupo mtu aliyeshika maikrofoni. Wahusika wakifungua midomo anapunguza sauti yao na kusema yeye, kwa Kiluganda. Risasi zikianza kulia anaipandisha tena. Watu humwita VJ. Kazi yake haiishii kwenye tafsiri: anaeleza nani ni mwana wa nani, anamkejeli jambazi, anawabatiza Wamarekani majina ya Kiganda, na shujaa akifanya upumbavu anamsuta hadharani. Filamu iliyopita mikononi mwake huitwa enjogerere, na wako watazamaji ambao filamu isiyo enjogerere hawaioni kuwa imekamilika.

Ufundi huo ulishika mizizi mwishoni mwa miaka ya 1980, mikanda ya video ilipoenea mjini. Leo majina kama VJ Jingo na VJ Junior yanafahamika Kampala kuliko ya waongozaji wengi wa Hollywood. Isaac Nabwana, mtengenezaji filamu wa Wakaliga, alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, na katika nakala iliyosambaa kwenye intaneti VJ Emmie anaipigia kelele filamu hiyo tangu mwanzo hadi mwisho, hivyo dunia nzima ikaonja kinachotokea kibandani.

Kwa mhakiki wa katuni za zamani, mtu huyu wa maikrofoni ni kipimo kizuri. Wahakiki wa Ulaya na Marekani wamekwisha kuzipanga katuni za miaka ya 1940 na 1950 kwa kila namna: kwa studio, kwa mwongozaji, kwa idadi ya tuzo. Kampala inatoa swali lake. Katuni ikinyang'anywa maneno yake na kukabidhiwa mtu mwingine, inabaki na nini?

Dakika saba za jumba la sinema

Katuni hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya watoto waliokaa mbele ya televisheni asubuhi ya Jumamosi. Zilitengenezwa kwa ajili ya majumba ya sinema, zionyeshwe pamoja na habari za ulimwengu kabla ya filamu kubwa, na watu wazima walikuwa wengi ukumbini. Ndiyo maana nyingi zina urefu wa dakika 7 hivi. Dakika hizo si haba. Filamu hupita picha 24 kwa sekunde, hivyo dakika 7 ni zaidi ya picha 10,000. Kwa kawaida kila mchoro ulipigwa picha mara mbili, kwa hiyo hata studio iliyobana matumizi ilihitaji maelfu ya michoro ya mkono kwa kisa kimoja cha paka na panya.

Kampala nayo ilikuwa na majumba yake: Norman, Odeon, Delite, Neeta. La Norman lilichukua jina la Norman Godinho, mfanyabiashara Mgoa aliyelijenga. Biashara ya sinema ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa Waasia, na mwaka 1972 Idi Amin alipowapa siku 90 za kuondoka nchini, majumba mengi yalibaki bila watu walioyaendesha. Norman baadaye likawa kanisa, lile ambalo leo linajulikana kama Watoto. Sinema ikahama kutoka kwenye viti vya ukumbini na kuingia vibandani: mabenchi, pazia zito mlangoni, na ubao wa chaki nje wenye majina ya filamu za siku pamoja na mechi za Ligi Kuu ya Uingereza.

Paka asiyehitaji mkalimani

William Hanna na Joseph Barbera walitoa kisa chao cha kwanza cha paka na panya mwaka 1940, katika studio ya MGM. Kiliitwa Puss Gets the Boot, na paka huyo alikuwa bado anaitwa Jasper. Kufikia 1958 wawili hao walikuwa wameshatengeneza visa 114 vya Tom and Jerry na kupata Oscar 7. Wahusika wakuu hawasemi ila kwa nadra sana. Yowe la Tom, lile la mkia uliobanwa mlangoni, lilitoka kooni mwa Hanna mwenyewe. Kila kitu kingine kilisemwa na muziki wa Scott Bradley, ambaye aliandika noti kwa kila hatua, kila mteremko na kila kope iliyopepeswa.

Mfano bora ni The Cat Concerto ya 1947. Tom anaingia jukwaani amevaa koti refu la mpiga piano, anainama kwa maringo, anaanza kupiga Rapsodia ya Pili ya Kihungari ya Franz Liszt. Jerry amelala ndani ya piano, juu ya nyundo zake. Anaamka kwa hasira, na vita vinaanza. Ajabu ya filamu hii ni kwamba muziki haukatiki. Tom anabanwa vidole, anapigwa, anapiga noti kwa miguu, na bado analazimika kuendelea kwa kuwa hadhira imekaa inasikiliza. Kila pigo linaangukia kwenye mdundo. Mwisho Tom anazimia, naye Jerry anasimama kupokea makofi. Kisa kilipata Oscar, na kiliacha ugomvi nyuma yake: Warner Bros. walikuwa wametoa Rhapsody Rabbit mwaka 1946, sungura akipiga wimbo ule ule wa Liszt kwenye piano yenye panya, na kila studio ikainyoshea nyingine kidole.

Hapa VJ anakutana na filamu inayomshinda. Ili aseme inambidi apunguze sauti, na sauti ndiyo filamu yenyewe. Hakuna neno la kutafsiri, hakuna siri ya kufichua, na yeyote kibandani aliyewahi kufanya kazi mbele ya watu huku kitu kikimsumbua miguuni anajua tayari kinachoendelea. Kwa kipimo cha Kampala, The Cat Concerto inapata alama zote.

Mouse Trouble ya 1944, nayo pia ya Oscar, inapungukiwa kidogo. Tom anapata kitabu cha kufundisha namna ya kukamata panya, na ushauri wa kila ukurasa unaonekana kwa maandishi ya Kiingereza kabla ya kumlipukia usoni. Asiyesoma Kiingereza anaona kichapo bila kuona ahadi iliyotangulia, na utani wote umo katika pengo kati ya ahadi na kichapo. Hapo VJ ana kazi ya halali: asome ukurasa kwa sauti, kisha anyamaze.

Mfululizo huu haukubaki na ubora huo. MGM ilifunga idara yake ya katuni mwaka 1957. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Gene Deitch alitengeneza visa 13 huko Prague, vyenye mwangwi wa ajabu na mwendo wa kukatikakatika. Baadaye Chuck Jones akatengeneza 34, vizuri kwa macho lakini vyenye Tom mwenye mawazo mengi kuliko njaa. Anayenunua mkusanyiko wa Tom and Jerry leo atazame kwanza majina mwanzoni mwa filamu. Fred Quimby akitajwa kuwa mtayarishaji, hiyo ni ya zama za Hanna na Barbera.

Sungura, bata na kalamu ya mchoraji

Warner Bros. walichukua njia nyingine. Wahusika wao wanasema sana, na sehemu kubwa ya sauti hizo ni za mtu mmoja, Mel Blanc. Bugs Bunny ni sungura mjanja anayemshinda mwenye bunduki kwa ulimi, na Afrika Mashariki haihitaji kutambulishwa kwake. Waganda wanaye Wakayima, Waswahili wanaye Sungura, na wapo watafiti wanaomfungamanisha Bugs na hadithi za sungura walizobeba Waafrika waliopelekwa utumwani Marekani. VJ akimpata Bugs anapata ndugu wa kazi.

Lakini ulimi wa Bugs ni wa Kiingereza. Katika Rabbit Seasoning ya 1952, iliyoongozwa na Chuck Jones, Bugs na Daffy Duck wanabishana mbele ya mwindaji nani apigwe risasi, na Daffy ananaswa kila mara kwa kubadilishiwa viwakilishi bila kugundua. Kwenye karatasi utani huo ni kamili. Ukihamishwa neno kwa neno unakufa, kwa hiyo VJ inambidi atunge mtego wake mwenyewe wakati mdomo wa bata unaendelea kucheza kwenye skrini. Filamu inabaki ya kuchekesha, ila nusu ya sifa inahamia kwa VJ.

Jones huyo huyo, akiwa na mwandishi Michael Maltese, alionyesha pia njia ya kuepuka mtego huo. Fast and Furry-ous ya 1949 ilimleta mbweha wa jangwani anayemfukuza ndege asiyekamatika. Hakuna mazungumzo. Mbweha anaagiza mitambo kutoka kampuni ya ACME, mitambo inamgeuka, anapitiliza ukingo wa jabali, anasimama hewani, anatazama chini, ndipo anaanguka. Kicheko kimefichwa katika ule muda kati ya kutazama na kuanguka. Mtazamaji wa Kalerwe haambiwi lolote. Anamwona mtu aliyekopa kununua mashine ambayo haikufanya kazi.

Kisha kuna Duck Amuck ya 1953, ambayo inafaa kuwekwa peke yake. Daffy anaingia kama askari wa upanga, lakini mandhari nyuma yake inaisha ghafla, karatasi inabaki nyeupe. Mchoraji asiyeonekana anambadilishia mandhari, anamfuta, anamchora upya katika umbo la mnyama wa ajabu, anamwangushia pazia jeusi. Katikati ya mateso hayo sauti inakatika. Daffy anapiga gitaa, halisikiki. Anainua kibao kuomba sauti irudi. Akipiga tena gitaa linalia kwa milio ya bunduki. Mwisho mchoraji anaonekana: ni Bugs Bunny.

Kwa Kampala, hii ni filamu inayojieleza. Bata anayetegemea mtu wa nje ampe sauti, na mtu huyo akaamua kumchezea, ndiyo hali ya kila mwigizaji wa Hollywood anayeingia kibandani Bwaise. Kwa maneno yake Duck Amuck inahitaji msaada, maana Daffy analalamika muda wote. Kwa wazo lake haimhitaji mtu.

Mtoto wa milio na redio yenye picha

Studio ya UPA ilichoka na paka wanaofukuzana. Mwaka 1950 ilitoa Gerald McBoing-Boing, iliyoongozwa na Robert Cannon kutokana na hadithi ya Dr. Seuss. Gerald ni mtoto anayefungua kinywa na badala ya maneno hutoka milio: chuma, honi, kishindo. Wazazi wanakata tamaa, shule inamkataa, mpaka redio inamwajiri atoe milio ya michezo yake. Michoro ni ya mistari michache, rangi hubadilika kwa hisia za mtoto, kuta na milango karibu hazipo. Ilipata Oscar na kubadili macho ya wachoraji duniani.

Kwa kipimo chetu inapasuka katikati. Gerald mwenyewe anaeleweka popote. Msimulizi, kinyume chake, anasema kwa vina vya Kiingereza kutoka mwanzo hadi mwisho, na vina ndivyo vinavyoisukuma hadithi. VJ mzuri angelazimika kuwa mshairi. Hili lingekuwa zoezi tamu kwa lugha yenye utamaduni wa mashairi, lakini filamu kama ilivyotengenezwa imefunga mlango.

Tatizo lilikuja baadaye, mtindo wa mistari michache ulipokuwa njia ya kubana fedha. MGM ilipofunga milango, Hanna na Barbera walifungua studio yao na kuhamia televisheni: The Huckleberry Hound Show mwaka 1958, The Flintstones mwaka 1960. Televisheni ililipa kidogo na kudai dakika nyingi. Mwili ukaachwa umesimama, mdomo ndio ukachorwa, na utani wote ukahamia kwenye maneno. Chuck Jones aliita kazi za namna hiyo redio yenye picha. Watu wale wale waliotengeneza The Cat Concerto walikuwa sasa wanatengeneza filamu ambazo ukizima sauti hubaki na kidevu kinachotikisika. VJ ana nafasi kubwa mno humo, na nafasi hiyo inatokana na umaskini wa picha.

Mbu wa Disney na gari la sinema

Ipo katuni moja ya zama hizo ambayo sauti yake ilikusudiwa tangu mwanzo iweze kubadilishwa. The Winged Scourge ilitengenezwa na studio ya Walt Disney mwaka 1943 kwa ofisi ya serikali ya Marekani iliyoshughulikia nchi za Amerika ya Kilatini. Mbu wa malaria anatangazwa kama mhalifu anayesakwa, kisha vibete saba wa Snow White wanaingia kazini: wanafukia madimbwi, wanamwaga mafuta juu ya maji, wanaziba madirisha kwa wavu. Vibete hawasemi. Msimulizi yuko nje ya picha, kwa hiyo filamu ilitolewa kwa Kihispania na Kireno bila kuguswa mchoro hata mmoja. Kama kazi ya sanaa ni ya daraja la pili. Kama somo lililopangwa kwa ajili ya sauti nyingine, ni ya kwanza.

Katika zama hizohizo, na hata kabla yake kidogo, Afrika Mashariki ilikuwa na nadharia tofauti juu ya nani anaweza kuelewa nini. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa filamu za elimu wenye makao Vugiri, katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu 35 na kuzizungusha hadi Uganda, sauti ikitoka kwenye sahani za gramafoni kwa lugha za wenyeji. Mwaka 1939 Waingereza waliunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni, na William Sellers, aliyekuwa afisa wa afya Nigeria, akakipa kanuni zake: picha ziende polepole, ujanja wa kamera uepukwe, jambo moja lionyeshwe kwa muda mrefu, kwa madai kwamba Mwafrika wa kijijini asingeweza kufuata zaidi ya hapo. Pembeni ya gari la sinema alisimama mfasiri na kipaza sauti akieleza kwa lugha ya mahali.

Kanuni za Sellers zilikufa; mfasiri hakufa. Watazamaji waliodhaniwa hawawezi kufuata ujanja wa picha wana wajukuu wanaotazama filamu za ngumi za Hong Kong zikienda kasi, huku VJ akisema juu yake kwa kasi zaidi, na hawapotezi uzi.

Afrika iliyochorwa bila kuonwa

Kuna mambo ambayo VJ hawezi kuyaokoa, na uhakiki wa heshima hauwezi kuyaruka. Katika His Mouse Friday ya 1951, Tom anatupwa na bahari kisiwani, na Jerry anajipaka masizi ya chungu na kujifanya mla watu. Kisha wala watu wenyewe wanatokea, wakiwa wamechorwa kwa midomo na mifupa ya kejeli. Ukipunguza sauti, tusi linabaki, kwa sababu limo kwenye mchoro.

Half-Pint Pygmy ya 1948 ni mbaya zaidi kwa kuwa imetoka kwa bingwa. Tex Avery alikuwa na kasi ambayo hakuna mwenzake aliyeifikia. King-Size Canary yake ya 1947, ambamo paka, panya, mbwa na ndege wanakunywa dawa ya kukuzia mimea mpaka dunia inakuwa ndogo chini ya miguu yao, ni mojawapo ya dakika bora katika historia ya katuni. Mwaka uliofuata aliwapeleka dubu wawili Afrika kumwinda mbilikimo mdogo kuliko wote duniani ili walipwe zawadi. Ufundi wa kufukuzana ni uleule. Lakini mwindwa ni binadamu. Ilikuwa imepita miaka 42 tu tangu Ota Benga, mtu wa Kongo aliyeitwa mbilikimo, awekwe kwenye nyumba ya nyani katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, mwaka 1906. Nchini Uganda Batwa, nao walioitwa hivyo, wangali hai na wana madai yao: mwaka 1991 misitu ya Bwindi na Mgahinga ilipofanywa hifadhi za taifa, walitolewa katika ardhi ya wazee wao. Mtazamaji wa Kampala anajua mambo hayo, na kicheko kinakwama.

Yupo pia mwanamke mweusi wa nyumbani katika Tom and Jerry za mwanzo, anayeonekana miguu na mikono, uso mara chache mno. Sauti yake ilikuwa ya Lillian Randolph. Miaka ya 1960 baadhi ya filamu zake zilichorwa upya na kuwekwa mwanamke mweupe; baadaye zikarudishwa na sauti mpya ya Thea Vidale. Kwa hiyo nakala mbili za kisa kimoja zinaweza kuwa na mama wawili tofauti. Kumfuta kuliondoa aibu ya studio na kuondoa pia kazi ya Randolph; nakala ya asili, ikiwa na maelezo mbele yake, ni ya haki zaidi.

Kalamu imefika Kampala

Dawa ya michoro hiyo imeanza kuchorwa. Studio ya Creatures ya Kampala, ya Raymond na Robin Malinga, ilitoa A Kalabanda Ate My Homework mwaka 2017, ikimtoa kalabanda katika hadithi za kutishana za wanafunzi wa Uganda na kumpa mwili. Mwaka 2023 Raymond Malinga aliongoza Herderboy, moja ya filamu 10 za mkusanyiko wa Kizazi Moto uliotolewa na Disney+: wachungaji wa ng'ombe wa zama zijazo, waliochorwa na mtu anayejua pembe za ng'ombe wa nyumbani zinavyokaa. Mganda mwingine, Solomon Jagwe, amefanya kazi juu ya Galiwango, katuni ya gorila wa Uganda. Ng'ambo ya mpaka, Ubongo Kids ya Dar es Salaam imekuwa ikifundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili tangu 2014, ingawa kwa kipimo cha sura hii somo bado linabebwa na maneno kuliko picha.

Hukumu, basi. Kwenye ngazi ya juu zinakaa The Cat Concerto, Fast and Furry-ous na King-Size Canary, ambazo hazimhitaji mkalimani. Duck Amuck inasimama nazo bega kwa bega ikiwa VJ ni hodari. Mouse Trouble na Rabbit Seasoning zinafuata, kila moja kwa kiasi inachotegemea maandishi au ulimi. Gerald McBoing-Boing inatazamwa kwa ajili ya mistari yake, The Winged Scourge kwa ajili ya mpango wake. His Mouse Friday na Half-Pint Pygmy ziachiwe watu wazima wanaojifunza historia ya picha. Mtoto asizikute peke yake. Na msomaji mwenye simu na dakika 7 za nafasi aanze na paka wa piano, sauti ikiwa juu, bila mtu wa kumweleza chochote.